Akili Ikipungua, Tusikimbilie Lawama

Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Ipole



Mmezoea kuniona nikija na mfuko wa mafaili, nikiomba leja, nikihesabu stakabadhi na kupima mizani. Leo nimeomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo haliandikwi katika leja, lakini mara nyingine huonekana ndani ya leja kabla halijaonekana mahali pengine popote. Jambo lenyewe ni kupungua kwa akili ya mtu kunakoletwa na maradhi ya kuambukiza.

Mimi si daktari, na hayo nitakayoyasema juu ya maradhi ni yale ambayo wataalamu wameyathibitisha na kuyatangaza. Lakini kuna sababu iliyonifanya niyatafute na kuyasoma, na sababu hiyo inatokana na kazi yangu. Basi nitaanza nayo.

Mwaka 2009, katika miaka yangu ya mwanzo kazini, nilitumwa kukagua chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina. Mweka hazina wake alikuwa mtu wa makamo, mrina asali hodari, ambaye kwa miaka tisa hesabu zake hazikupungua hata senti. Mwaka huo nilikuta mambo ya ajabu. Stakabadhi moja iliandikwa mara mbili. Malipo ya wakulima watatu yaliingizwa katika ukurasa wa msimu uliopita. Mwandiko wenyewe, uliokuwa umenyooka kama mstari wa mahindi, ulikuwa umepinda na kupanda juu ya mistari. Nilipomwita kumhoji alinijibu kwa ukali, kisha akasinzia mbele yangu saa tano ya asubuhi.

Wajumbe wa bodi walikuwa na maelezo yao tayari. Wengine walisema amekuwa mlevi. Wengine walisema amekula fedha za chama na sasa anajitia wazimu. Wazee wawili walinivuta pembeni wakaniambia kwa sauti ya chini kwamba amerogwa, na kwamba aliyemroga anajulikana, ni shangazi yake ambaye ni mjane. Nami, kwa ujana wangu na haraka yangu, niliandika katika taarifa: "Uzembe mkubwa, na shaka ya wizi." Nilitia sahihi, nikarudi Tabora.

Majuma matatu baadaye mpwa wake alimpeleka hospitali, maana alikuwa hatambui tena wanawe. Huko walimchukua damu, na baadaye maji ya uti wa mgongo, wakayatazama kwa darubini. Walikuta vijidudu vya malale. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia katika ubongo.

Ndugu zangu, mtu yule hakuwa mlevi, hakuwa mwizi, na hakuna aliyemroga. Aliumwa na mbung'o porini alipokwenda kurina asali.

Malale si mgeni katika nchi hii. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kinachobebwa na mbung'o, yule inzi tunayemjua wote tuliolala porini pamoja na mizinga yetu ya magome. Hapo mwanzo watu hawakujua chanzo chake. Katika Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, na watu wengi, wakiwamo Wazungu wenyewe, walidhani ni ugonjwa wa uvivu au wa huzuni. Mwaka 1903 ndipo wataalamu waliokuwa Entebbe, Aldo Castellani na David Bruce, walipoonyesha kwamba kijidudu kimo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na kwamba mbung'o ndiye anayekieneza.

Katika nchi yetu, miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi kutoka katika vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili mashamba yao yafyeke pori na kumfukuza mbung'o. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Daktari Maclean. Wazee waliosimuliwa na baba zao wanajua kwamba kuhama huko kulikuwa na machungu yake, na kwamba mapori yaliyoachwa yalizidi kumea. Mapori hayo ndiyo tunayoingia hadi leo kutafuta asali, kuni na malisho.

Malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki ni ya aina ya haraka. Kwanza huja homa, maumivu ya kichwa na ya viungo, na mara nyingine jeraha mahali mbung'o alipouma. Homa hiyo hufanana na malaria, kwa hiyo mtu humeza dawa za malaria na kungoja. Baada ya majuma au miezi michache kijidudu huvuka na kuingia katika ubongo. Hapo ndipo mtu hubadilika. Mpole huwa mkali, mwangalifu huwa mzembe. Hulala mchana na kukesha usiku. Husahau maneno aliyoyasema sasa hivi. Asipotibiwa hufa, na kwa aina hii ya kwetu mara nyingi haifiki mwaka.

Nasema haya si kwa kuwatisha. Wagonjwa wa malale katika Tanzania wamepungua sana, na kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimeshughulika na ugonjwa huu kwa miaka mingi. Tiba nayo imesogea mbele. Mweka hazina wetu alitibiwa kwa sindano za dawa ya zamani yenye asili ya aseniki, ambayo yenyewe ilikuwa ya hatari na iliwaua baadhi ya waliodungwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya aina yetu pia, baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda. Mrina asali wa leo ana tumaini kubwa kuliko yule wa mwaka 2009, alimradi afike hospitali mapema na amwambie mganga: "Nilikuwa porini."

Ndugu makatibu, baada ya tukio lile nilijiuliza swali. Ikiwa kijidudu kimoja kinaweza kuiba kumbukumbu ya mtu na kumfanya aonekane mwizi, je, viko vingine? Nilipotafuta nilikuta kwamba viko, na vingi miongoni mwao ni virusi.

Kwanza tuelewane juu ya neno hili. Kijidudu cha malale ni kiumbe kinachoonekana kwa darubini ya kawaida ya hospitali. Virusi ni vidogo mno kuliko hicho, na haviwezi kuzaana peke yao. Lazima viingie katika chembe hai ya mwili na kuitumia kama mpangaji mbaya anayehamia nyumbani mwako, akatumia jiko lako na chakula chako, kisha akawaita nduguze. Baadhi ya virusi hupita haraka. Baadhi hujificha mwilini kwa maisha yote.

Kirusi kinachotuhusu zaidi ni kile cha UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza katika nchi yetu waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na tangu hapo ugonjwa ulifuata barabara. Ipole ni njia panda: barabara moja yakwenda Mpanda, moja yakwenda Rungwa hadi Mbeya, na moja yarudi Sikonge na Tabora. Tangu zama za misafara, wakati wapagazi wa Unyamwezi walipobeba pembe kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo, njia zetu zimeleta bidhaa na zimeleta maradhi. Ndui ilisafiri pamoja na misafara hiyo. Virusi vya UKIMWI vilisafiri pamoja na magari.

Watu wengi wanajua kwamba virusi hivi hudhoofisha kinga ya mwili. Wachache wanajua kwamba huingia katika ubongo mapema, katika majuma ya mwanzo tu baada ya mtu kuambukizwa. Havishambulii sana zile chembe za kufikiri zenyewe. Vinaingia katika chembe za ulinzi zilizomo ubongoni. Mfano wake ni walinzi wa ghala waliorubuniwa: hawabebi magunia wao wenyewe, lakini wanawasha moto kila usiku karibu na ukuta, na moshi huo unaharibu tumbaku iliyomo ndani. Chembe zilizoshikwa hutoa sumu na kuleta uvimbe usiokoma, na chembe za kufikiri huumia pole pole.

Kabla ya dawa za kufubaza virusi kupatikana, wengi waliofikia mwisho wa ugonjwa walipatwa na upungufu mkubwa wa akili. Walikuwa wazito wa kufikiri, wasahaulifu, wakijikwaa katika kutembea, wasiojali tena kazi wala jamaa. Nchi yetu ilianza kutoa dawa hizo bure katika mpango wa taifa mwaka 2004. Tangu hapo hali ile nzito imekuwa nadra kwa anayemeza dawa bila kukatiza. Lakini upungufu mwepesi bado upo. Uchunguzi uliofanywa Moshi, mkoani Kilimanjaro, kwa watu wa miaka 50 na zaidi wanaohudhuria kliniki ya UKIMWI, ulionyesha kwamba si wachache wenye matatizo ya kumbukumbu na ya kupanga mambo, ingawa wanaonekana wazima. Sasa fikirini: wanachama wetu walioanza dawa wakiwa vijana wa miaka thelathini wamekwisha kuvuka hamsini. Ndio wenyeviti wetu, ndio wapima mizani wetu.

Pia, kinga ikishuka, maradhi mengine hupata mlango wa kuingia ubongoni, kama vile kifua kikuu cha utando wa ubongo na fangasi wa utando wa ubongo. Haya huvuruga akili kwa siku au majuma, na yana dawa. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla pamoja na homa na maumivu makali ya kichwa hapaswi kungoja siku ya gulio ndipo apelekwe.

Kabla sijaendelea na virusi, niruhusuni nikumbushe kaswende, ingawa huletwa na bakteria wala si virusi, kwa sababu historia yake inatufundisha. Zamani, katika hospitali za wenye wazimu za Ulaya na Marekani, sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watu wazima waliopotewa na akili na kupooza. Watu walisema ni tabia mbaya, ni laana, ni damu ya ukoo. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, pamoja na mwenzake J. W. Moore, walikiona kijidudu cha kaswende ndani ya bongo za wagonjwa wa namna ile waliokufa. Kumbe wengi wa "wazimu" wale walikuwa na ambukizo la miaka mingi. Penisilini ilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, wodi zile zilianza kuwa tupu. Jambo lililohukumiwa kuwa aibu liligeuka kuwa ugonjwa wenye tiba.

Sasa nije kwa wazee wetu. Mwaka 1906 daktari mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mama mmoja aliyepoteza kumbukumbu, na mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wake baada ya kufa. Ugonjwa unaoitwa kwa jina lake ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha usahaulifu mzito wa uzeeni duniani. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliwatazama wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Ulikadiria kwamba kati ya kila wazee 100, sita au zaidi kidogo walikuwa na maradhi ya usahaulifu, ama ya namna hiyo ama ya namna nyingine. Kila mmoja wetu hapa ana kijiji chenye wazee mia.

Je, virusi vina mkono katika usahaulifu huu wa uzeeni? Hapa nawaomba tuwe waangalifu, kama tunavyokuwa waangalifu kabla ya kufunga hesabu. Mwaka 1991 Ruth Itzhaki na wenzake wa Manchester, Uingereza, walieleza kwamba wameona alama za kirusi cha vidonda vya midomoni ndani ya bongo za wazee waliokufa. Kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakukubali kwamba jambo hilo lina maana. Kumkuta mtu ghalani si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Lakini mwaka 2025 ulitangazwa uchunguzi kutoka Wales ambao mtu yeyote wa vitabu atauelewa. Mnaujua mkanda wa jeshi, yale malengelenge yenye maumivu makali yanayozunguka ubavu mmoja. Kirusi chake ni kile kile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakiondoki, kinalala katika mizizi ya neva kwa miaka hamsini au sitini, na nguvu za mwili zikipungua kinaamka. Serikali ya Wales ilianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi tarehe 1 Septemba 2013, ikaweka sharti: aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baadaye ataipata zamu yake ikifika, na aliyezaliwa kabla ya siku hiyo hataipata kamwe. Basi wakapatikana watu wa makundi mawili waliopishana umri kwa majuma machache tu, wenye maisha yale yale na chakula kile kile, waliotenganishwa na kalenda peke yake. Ni kama leja mbili za chama kimoja. Baada ya miaka saba ilionekana kwamba chanjo imepunguza kwa kadiri ya moja ya tano idadi ya waliopatwa na maradhi ya usahaulifu, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake.

Hii haina maana kwamba kila msahaulifu ana kirusi. Wala sisemi kwamba chanjo hiyo ni dawa ya uzee. Namna kirusi kinavyouumiza ubongo bado inachunguzwa. Yaliyothibitika yanatosha kutuonyesha jambo moja, nalo ni kwamba akili ya mtu ina mwili, na mwili huo huugua kama ini linavyougua. Hata katika korona jambo hili lilionekana. Mwaka 2022 wataalamu wa Uingereza walitangaza picha za ubongo walizowapiga watu 785 mara mbili, 401 kati yao wakiwa wamepata korona katikati ya picha ya kwanza na ya pili. Waliougua walionyesha kupungua kidogo kwa sehemu fulani za ubongo, na walikuwa wazito zaidi katika majaribio ya kufikiri, kwa wastani.

Vilevile tusisahau visababishi visivyo vya kuambukiza: shinikizo la juu la damu, kiharusi, kisukari, pombe ya kupita kiasi, kuumia kichwa, uziwi usiotibiwa, na huzuni nzito ya kufiwa. Jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu nusu ya maradhi haya yote ya usahaulifu duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama visababishi vya namna hiyo vingeshughulikiwa mapema.

Ndugu zangu, kwa nini nimesimama kuyasema haya mbele ya wanaushirika na si mbele ya waganga? Kwa sababu sisi ndio tunaotoa hukumu ya kwanza. Mtu akipungukiwa na akili, haanzi kuonekana hospitali. Anaanza kuonekana kwenye mizani, kwenye daftari la fedha, kwenye mkutano mkuu. Na hukumu yetu ya kwanza, katika nchi hii ya magharibi, mara nyingi huwa mojawapo ya mbili: ni mwizi, au ni uchawi.

Hukumu ya pili ndiyo inayoniogopesha zaidi. Sote tunajua, ingawa hatupendi kulitaja, kwamba katika mikoa yetu ya magharibi na ya Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Macho yaliyowekundu kwa moshi wa jikoni miaka hamsini yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mzee anayetangatanga usiku kwa kuwa hajui tena mlango wa nyumba yake huitwa mwanga. Mama anayezungumza na marehemu mumewe kwa kuwa amesahau kwamba amekufa huambiwa anaita mizimu. Na kijana anapopatwa na malale, au na virusi vya ubongoni, mwenye kulipa ni bibi wa jirani. Katika kisa changu, shangazi wa mweka hazina alikuwa amekwisha kuhama kijiji kwa hofu kabla hospitali haijasema neno malale. Hakurudi tena. Nyumba yake niliiona mwaka uliofuata, paa limekwisha kuingia ndani.

Basi, kwa idhini yenu, natoa mapendekezo haya kwa makatibu na bodi zenu.

Kwanza, katibu aone mabadiliko mapema. Mwandiko ulioharibika, stakabadhi zinazorudiwa, kusinzia kazini, hasira isiyo ya kawaida, kuuliza swali moja mara nne: haya yaandikwe kwa tarehe, bila kumpa mtu jina la mwizi wala la mgonjwa. Kazi ya katibu ni kuona na kuandika. Kutambua ugonjwa ni kazi ya daktari.

Pili, kabla ya kumsimamisha mtumishi au kiongozi ambaye rekodi yake ni safi, azungumze naye Mwenyekiti faraghani pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwake, na ashauriwe kwenda hospitali. Fedha zilindwe siku hiyo hiyo kwa kumkabidhi mwingine funguo na vitabu kwa maandishi. Kulinda mali na kulinda heshima ya mtu vinaweza kwenda pamoja.

Tatu, kazi ya fedha isiwe mikononi mwa mtu mmoja kamwe. Sahihi mbili, hesabu ya fedha taslimu kila juma, na nakala ya stakabadhi kwa mkulima. Chama kile cha mwaka 2009 kingekuwa na desturi hiyo, makosa yangeonekana katika juma la kwanza, na mgonjwa angefika hospitali kijidudu kikiwa bado katika damu.

Nne, mwanachama mzee anayesahau alindwe asidhulumiwe. Malipo yake yasitolewe kwa yeyote anayekuja na kitabu chake na dole gumba lililopigwa nyumbani. Asomewe kiasi kwa sauti mbele ya shahidi, na jina la mrithi wake liwe limeandikwa wakati akili yake ingali timamu.

Tano, warina asali, wawindaji wenye vibali na wachungaji waelezwe habari za mbung'o. Nguo za rangi ya buluu na nyeusi humvuta, kwa hiyo ni bora kuvaa rangi ya udongo, yenye mikono mirefu na kitambaa kizito. Na homa yoyote baada ya kutoka porini isiyopona kwa dawa ya malaria ipimwe damu tena, na mgonjwa aseme wazi alikokuwa.

Sita, kijana au mtu wa makamo anayepatwa na mkanda wa jeshi ashauriwe kupima virusi vya UKIMWI, maana mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Lakini pasiwe na kulazimishana wala kutangazana. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na katibu anayetoboa siri ya mwanachama anavunja sheria na anavunja ushirika. Mficha maradhi kifo humuumbua, ni kweli. Lakini watu huficha kwa sababu wanatuogopa sisi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kurudi kwenye kisa changu. Mweka hazina alitoka hospitali baada ya miezi miwili. Aliwatambua wanawe. Hakuweza tena kushika hesabu, maana tarakimu zilimchanganya, lakini aliweza kutengeneza mizinga, na chama kilimpa kazi ya kuwafundisha vijana namna ya kubandua gome bila kuuharibu mti mzima. Tulipokaa kuhesabu upya, ukurasa kwa ukurasa, fedha zote zilionekana ila upungufu wa shilingi elfu nne na mia mbili, ambazo nasadiki ni chenji aliyompa mtu mara mbili.

Niliandika taarifa ya pili kufuta ile ya kwanza, nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwake nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama shangazi yake naye ameandikiwa. Sikuwa na jibu la kumpa, na sinalo hadi leo. Ndiyo maana nimeomba kusema nanyi kabla ya msimu huu kuanza, wakati leja zenu zingali tupu.